Vifaa vya boti visivyosikizana: mwongozo kamili wa kuviunganisha kwa NMEA 0183 na NMEA 2000

Swali linalonifikia mara nyingi kuliko yote ni hili: "Nimeunganisha GPS na redio ya VHF, nyaya zote ziko sawa, lakini redio bado inasema haioni GPS." Anayeuliza ameshanunua kebo ya pili, wakati mwingine hata redio ya pili. Na karibu kila mara redio haina kosa lolote.

Jambo hili si urembo wa dashibodi. Redio ya VHF yenye DSC (mfumo wa kutuma wito kwa dijitali) ina kitufe chekundu cha dharura. Ukikishikilia kwa sekunde chache, redio inatuma kwenye chaneli 70 namba ya boti yako pamoja na mahali ulipo. Kama haijui ulipo, watakaokusikia watajua kwamba kuna mtu anazama, lakini hawatajua waelekeze omo (mbele ya boti) upande gani.

Wengi hukwama mahali palepale: wanashika waya kabla ya kujua kifaa kipi kinasema, kipi kinasikiliza na kwa lugha gani, NMEA 0183 au NMEA 2000. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake. Hatua za kupima usiziruke, hata kama taa zote zimewaka.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Mita ya umeme ya dijitali inayopima volti za DC na omu (ukinzani). Bila hii, usianze.
- Kitabu cha maelekezo cha kila kifaa. Nakala ya PDF inatosha. Unachotafuta humo ni vitu viwili tu: jedwali la rangi za nyaya, na orodha ya ujumbe ambao kifaa kinatuma na kupokea.
- Karatasi, penseli, na lebo za kufunga kwenye nyaya.
- Kwa NMEA 0183: kebo yenye jozi za nyaya zilizosokotwa na ngao ya nje, shaba iliyopakwa bati, pamoja na kisanduku kikavu chenye viungio vya skrubu.
- Kwa NMEA 2000: kebo kuu, kiungo cha T kwa kila kifaa na kimoja zaidi cha umeme, kebo za matawi, terminata mbili (vizibo vyenye ukinzani vya kufunga ncha za kebo kuu), na kebo ya umeme yenye fyuzi.
- Koleo la kubania vichwa vya nyaya na mipira inayonywea kwa joto.
- Kompyuta ndogo na kigeuzi cha USB kwenda NMEA 0183. Si lazima, lakini ukiwa navyo unaona kwa macho kifaa kinasema nini badala ya kubahatisha.

Usinunue kebo yoyote kabla hujamaliza hatua ya 1.

## Lugha mbili utakazokutana nazo

NMEA ni chama cha Marekani cha watu wa elektroniki za baharini, na ndicho kilichoweka kanuni hizi mbili.

NMEA 0183 ni hotuba. Msemaji ni mmoja, wengine wote wanasikiliza. Data inapita kwa maandishi ya kawaida, sentensi moja baada ya nyingine. Kasi ya kawaida ni biti 4800 kwa sekunde. AIS, kifaa kinachoonyesha meli zilizo karibu, hutumia 38400.

NMEA 2000 ni baraza. Vifaa vyote vinakaa kwenye kebo moja, kila kimoja kinasema na kusikiliza, kwa kasi ya biti 250,000 kwa sekunde. Ujumbe wake si maandishi bali ni vifurushi vyenye namba, na namba hiyo huitwa PGN.

Lila na fila havitangamani. Huwezi kushika waya wa lugha moja ukaufunga kwenye waya wa lugha nyingine hata kama rangi zinafanana. Kati yake lazima kiwepo kigeuzi, nacho tutakifikia kwenye hatua ya 7.

Kabla ya kuendelea, itazame sentensi moja ya 0183 kwa karibu. Ukiielewa hii, umeelewa nusu ya kazi:

`$SDDPT,3.8,0.5*59`

Alama ya `$` inafungua sentensi. `SD` inamtaja msemaji: kipima kina. `DPT` ni aina ya habari: kina cha maji. `3.8` ni mita kutoka kwenye kihisi hadi sakafu ya bahari. `0.5` ni marekebisho. Yakiwa chanya maana yake kihisi kiko nusu mita chini ya mstari wa maji, yakiwa hasi yanahesabiwa kutoka kihisi hadi chini ya mkuku. Namba `59` baada ya nyota ni ya uhakiki. Msikilizaji anaipiga hesabu upya kutoka kwenye herufi zote zilizo kati ya `$` na `*`, na asipopata 59 anaitupa sentensi nzima bila kukuambia.

Hiyo tabia ya kutupa kimyakimya ndiyo inayowachosha watu. Kifaa hakisemi "nimesikia vibaya." Kinakaa kimya, na wewe unadhani waya umekatika.

## Hatua ya 1: Chora mazungumzo kabla ya kugusa waya

Chora kisanduku kwa kila kifaa ulicho nacho. Ndani ya kila kisanduku andika mambo manne: kinatoa nini, kinataka nini, kwa lugha gani, na kwa kasi gani. Kisha chora mishale kutoka kwa msemaji kwenda kwa msikilizaji. GPS kwenda redio. Kipima kina kwenda skrini ya ramani. Dira ya kielektroniki kwenda otopailoti na rada. AIS kwenda skrini.

Sasa fungua vitabu na uhakiki kila mshale kwenye ncha zote mbili. Redio inaweza kutaka sentensi ya RMC (mahali, kasi na uelekeo), ilhali GPS yako imewekwa itoe GGA (mahali bila kasi wala uelekeo) peke yake. Waya utakuwa mzima, umeme upo, na redio haitapata inachokingojea. Dawa yake iko kwenye menyu ya GPS: washa RMC.

Kwa NMEA 2000 linganisha namba za PGN. Zile utakazozikuta mara kwa mara ni 129025 (mahali), 129026 (kasi na uelekeo wa safari), 128267 (kina), 127250 (omo inakoelekea), 130306 (upepo) na 127488 (mizunguko ya injini). Kama kihisi kinatuma 128267 na skrini haina 128267 kwenye orodha ya inavyopokea, hata ukitumia kebo ya dhahabu hutaona kina.

*Tahadhari:* si kila plagi ya mviringo ni NMEA. SeaTalk ya zamani ya Raymarine, yenye nyaya tatu, ni lugha yake yenyewe na inahitaji kigeuzi chake. SeaTalkng kwa upande wake inasema NMEA 2000, ila kwa plagi za umbo tofauti, kwa hiyo kebo ya kuoanisha plagi inatosha.

Umefaulu ikiwa: kila mshale una jina la sentensi au namba ya PGN kwenye ncha zote mbili. Mshale usio na jina ni kifaa ambacho hakitafanya kazi, na ni nafuu kugundua ukiwa na penseli kuliko ukiwa umelala chini ya dashibodi.

## Hatua ya 2: Nyoosha umeme

Data mbaya nyingi huzaliwa na umeme mbaya. Vifaa vinavyozungumza kwa 0183 vinapaswa kuchukua hasi kutoka sehemu moja, kwenye baa ya hasi ya dashibodi. Kimoja kikichukua hasi kwenye injini na kingine kwenye betri, zile sehemu mbili zinaweza kutofautiana kidogo kwa volti wakati mkondo mkubwa unapita, na tofauti hiyo inaingia ndani ya data.

Kila kifaa kiwe na fyuzi yake ya ukubwa uliotajwa kitabuni. Pima volti kwenye plagi ya kifaa chenyewe, si kwenye betri, kifaa kikiwa kimewashwa. Kisha mwombe mwenzako apige stata huku wewe unatazama mita. Volti zikishuka sana hapo, vifaa vitajizima na kujiwasha upya kila unapoamsha injini, nawe utalaumu mtandao bure. Kama ndivyo, lisha elektroniki kutoka betri isiyo ya stata.

Umefaulu ikiwa: kwa mfumo wa volti 12, mita inaonyesha volti zinazokaribiana na za betri kwenye kila plagi, na skrini hazizimiki injini inapowashwa.

## Hatua ya 3: Unganisha GPS na redio kwa NMEA 0183

Hapa ndipo wengi wanapoangukia, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Zima umeme. Tafuta kwenye kitabu nyaya za kutoa za GPS na za kupokea za redio. Usifuate rangi kwa mazoea, kwa sababu 0183 haina rangi zilizokubaliwa na wote: manjano ya mtengenezaji mmoja ni kutoa, ya mwingine ni kupokea. Majina nayo yanatofautiana. Kutoa huandikwa TX au OUT. Kupokea huandikwa RX au IN. Upande chanya ni A au +, upande hasi ni B au -. Nikisema "hasi" peke yake hapa chini, ni hasi ya umeme, si B.

Kanuni ni kwamba kutoa huingia kwenye kupokea. TX kwa TX ni midomo miwili inayoongea bila sikio.

Kuna hali tatu:

*Vifaa vyote viwili vina A na B.* TX A kwenda RX A, TX B kwenda RX B. Tumia jozi moja iliyosokotwa. Ngao ya kebo ifunge kwenye hasi upande mmoja tu. Ukiifunga pande zote mbili, ngao yenyewe inageuka njia ya umeme kati ya vifaa.

*Msemaji ana waya mmoja wa kutoa na hasi.* Hiki ni kifaa cha mtindo wa zamani. Waya wa kutoa uende RX A ya msikilizaji, na RX B ifungwe kwenye hasi ya msemaji. Ukiiacha RX B ikining'inia, msikilizaji hana cha kulinganishia na hasikii kitu.

*Msemaji ana A na B, msikilizaji ana waya mmoja wa kupokea na hasi.* TX A iende kwenye waya wa kupokea. Hasi za vifaa viwili ziwe pamoja. TX B usiifunge kwenye hasi kamwe. Ni waya wa kutoa, nao una umeme wake. Ukiufunga kwenye hasi unauchoma polepole. Uvalishe mpira, ufunge pembeni, uandikie lebo.

Msemaji mmoja anaweza kulisha wasikilizaji kadhaa, na kitabu kitakuambia ni wangapi. Kinyume chake hakiwezekani. Nyaya za kutoa za vifaa viwili ukizifunga pamoja ziingie sikio moja, sauti zinagongana na zote zinaharibika. Kama una wasemaji wawili na sikio moja, nunua multipleksa, kifaa kinachowapanga foleni.

Sasa washa umeme na uingie kwenye menyu za pande zote mbili. Weka kasi ileile: 4800 kwa 4800. Kasi zisipolingana, msikilizaji anapokea takataka na kuitupa.

Redio ikiwa kimya bado, pima. Weka mita kwenye volti za DC, ncha moja kwenye A na nyingine kwenye B ya msemaji. Kifaa kinapozungumza, tarakimu za mita zinarukaruka, kama mara moja kwa sekunde. Zikisimama tuli, msemaji hasemi: rudi kwenye menyu yake. Zikirukaruka kwa msemaji na kutulia kwenye ncha za redio, waya umekatika katikati. Zikirukaruka kote na redio bado haioni, badilisha A na B. Kuna watengenezaji walioziandika kinyume, na kuzigeuza hakuharibu kitu.

Ukiwa na kompyuta, fungua kigeuzi cha USB na usome. Kwenye sentensi ya RMC tafuta herufi moja baada ya saa: `A` maana yake GPS inajua ilipo, `V` maana yake bado inatafuta satelaiti. Nimeona watu wakifumua nyaya nzuri kwa sababu tu boti ilikuwa ndani ya banda lenye paa la bati na GPS ilikuwa inatoa `V`.

*Tahadhari:* usijaribu kitufe chekundu "kuona kama kinafanya kazi." Kinaita uokoaji wa kweli. Redio nyingi za DSC zina wito wa majaribio kwenye menyu, tumia huo. Na namba ya MMSI ya tarakimu 9, ile inayoitambulisha boti yako, iingize tu ukiwa umepewa na mamlaka husika, kwa sababu redio nyingi zinakuruhusu kuiandika mara moja au mbili tu, kisha zinafunga.

Umefaulu ikiwa: redio inaonyesha latitudo, longitudo na saa, na tarakimu za mwisho zinabadilika boti inaposogea. Zikiganda, huenda unatazama mahali palipoandikwa kwa mkono siku nyingine.

## Hatua ya 4: Laza kebo kuu ya NMEA 2000

NMEA 2000 inashinda kwa urahisi mtu akifuata umbo lake. Umbo ni moja: kebo kuu moja yenye ncha mbili, na matawi mafupi yanayotoka kwenye viungo vya T. Si nyota, si duara. Vifaa vitano vilivyokutana kwenye kiungo kimoja vinaweza kufanya kazi bandarini na kukatika katikati ya safari, kwa sababu mawimbi ya data yanagonga ncha zisizozibwa na kurudi kama mwangwi.

Vipimo vya kushika: kila tawi lisizidi mita 6, matawi yote kwa pamoja yasizidi mita 78, na kebo kuu ya aina nyembamba isizidi mita 100. Vifaa visizidi 50.

Laza kebo kuu kutoka tezi hadi omo, mbali na ngama (chini kabisa ndani ya boti) na mbali na kebo nene za stata. Weka kiungo cha T karibu na kila kifaa. Kaza plagi kwa vidole mpaka mwisho, si kwa koleo. Kiungo cha T kisicho na kifaa hakina madhara. Kizibe tu kwa kifuniko kisiingie maji.

Kihisi cha upepo juu ya mlingoti ndicho kinachoharibu hesabu. Kebo ya mlingoti karibu siku zote inazidi mita 6, kwa hiyo haiwezi kuwa tawi. Ifanye iwe sehemu ya kebo kuu: kebo kuu inapanda mlingoti na kuishia juu kwenye kihisi, na terminata ya upande huo inakaa kulekule juu. Baadhi ya vihisi vina terminata ndani yake tayari. Soma kitabu.

Umeme wa mtandao unaingia kwa kiungo cha T cha peke yake, wenye fyuzi, kutoka swichi yake. Kwenye boti ndogo mahali popote panafaa; kebo ikiwa ndefu au vifaa vingi, ingiza umeme katikati. Kila kifaa kina namba ya LEN (kipimo cha umeme kinaotumia) kwenye kitabu chake, na LEN 1 ni miliampea 50. Zijumlishe: LEN 20 ni ampea 1. Ngao ya kebo inafungwa kwenye hasi hapohapo umeme unapoingilia, na si mahali pengine.

*Tahadhari:* usichukue umeme wa taa au pampu kutoka kwenye kebo hii. Na usilishe mtandao kwa fyuzi mbili kutoka sehemu mbili bila kutenganisha chanya zake.

## Hatua ya 5: Pima omu 60 kabla ya kuwasha

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu inachukua dakika moja na inasema ukweli.

Zima umeme wa mtandao. Chomoa kifaa kimoja, na kwenye plagi ya tawi lake pima ukinzani kati ya waya mweupe na wa bluu, yaani pini ya 4 na ya 5. Nyaya hizo mbili ndizo zinazobeba data. Nyekundu na nyeusi ni umeme, na uliobaki uchi ni ngao.

Kila terminata ina omu 120. Mbili zikikaa sambamba zinatoa 60. Kwa hiyo:

- Karibu 60: sawa.
- Karibu 120: terminata moja haipo, au kebo kuu imekatika mahali.
- Karibu 40: terminata ziko tatu.
- Karibu 0: mweupe na bluu vimegusana.
- Mita haisomi chochote: hakuna terminata, au tawi unalopimia limekatika.

Niliwahi kuitwa kwenye boti ambayo upepo ulikuwa unapotea na kurudi. Kihisi kilikuwa kimebadilishwa, skrini imebadilishwa. Nikaweka mita: 40. Terminata mbili zilikuwa chini, kila ncha ya kebo, mahali pake kabisa, na ya tatu ilikuwa ndani ya kihisi juu ya mlingoti, mahali ambapo hakuna aliyeitafuta. Tulitoa moja ya chini, iliyokuwa chini ya mlingoti, tukaunganisha kebo ya mlingoti ipite moja kwa moja. Mita ikasoma 60 na upepo ukatulia kwenye skrini.

Baada ya omu 60, washa umeme na upime volti. Nyekundu na nyeusi, kwenye kifaa cha mbali zaidi, zisishuke chini ya 9, na vizuri zaidi zikaribie za betri. Mweupe kwa nyeusi na bluu kwa nyeusi zote zikae karibu na 2.5, mweupe ukiwa juu kidogo. Zikiwa kinyume, kuna mtu aliunganisha plagi ya kufunga kwa mkono akageuza nyaya.

Umefaulu ikiwa: omu 60, volti sawa ncha zote. Andika namba hizo kwenye mchoro wako pamoja na tarehe. Siku mtandao utakapogoma, utakuwa na cha kulinganishia.

## Hatua ya 6: Ingiza kifaa kimoja kimoja, kisha chagua chanzo

Chomeka skrini kwanza peke yake. Fungua orodha ya vifaa kwenye menyu yake. Kisha chomeka GPS, ngoja jina lake litokee, ndipo uchomeke kinachofuata. Ukichomeka vyote kwa mpigo na mtandao ukaanguka, hutajua nani kauangusha.

Sasa lile watu wanalosahau: boti ya leo inaweza kuwa na GPS tatu bila mwenyewe kujua. Moja juu ya paa, moja ndani ya skrini, moja ndani ya AIS. Zote zinatuma mahali, na kila msikilizaji anachagua anayotaka. Otopailoti ikiwa inafuata moja na skrini inafuata nyingine, utaona boti kwenye ramani ikiyumba bila sababu. Ingia kwenye menyu ya vyanzo vya data na uchague mwenyewe, kwa kila habari: mahali, omo, kina, upepo. Mara nyingi antena iliyo nje yenye kuona anga yote ndiyo ya kwanza.

Injini mbili au matangi mawili yanahitaji kila kimoja namba yake ya utambulisho. Namba zikifanana, skrini itaonyesha tangi moja ambalo mafuta yanapanda na kushuka kila sekunde.

## Hatua ya 7: Unganisha lugha mbili, kompyuta na simu

Kigeuzi kinakaa kwenye kebo kuu ya NMEA 2000 kama kifaa kingine chochote, na upande wa pili kina nyaya za 0183 utakazozifunga kwa kanuni za hatua ya 3. Soma orodha yake ya tafsiri. Hakuna kigeuzi kinachotafsiri kila kitu.

Angalia kasi. Mlango wa 4800 unapitisha herufi kama 480 kwa sekunde, na sentensi moja inaweza kufika herufi 82. Yaani sentensi ndefu tano au sita basi. Ukisukuma meli za AIS kwenye mlango huo pamoja na upepo, kina na GPS, foleni inajaa na sentensi zinadondoka. AIS ipewe mlango wa 38400.

Angalia pia duara. Kigeuzi kinapeleka kina kutoka 2000 kwenda 0183, multipleksa inakirudisha, na kigeuzi kinakipeleka tena kana kwamba ni kipya. Dalili yake ni namba zinazochelewa na kurudi nyuma. Zima upande mmoja wa mazungumzo, au chuja sentensi hiyo.

Kwa simu na kompyuta, kigeuzi cha Wi-Fi kinarusha sentensi za 0183 hewani. Programu kama OpenCPN, ambayo ni ya bure, inazipokea. Kwenye programu chagua UDP (njia ya kutuma data kwenye mtandao) na mlango ambao kigeuzi kinatumia, mara nyingi 10110. Weka nenosiri lako, si lile lililokuja na kifaa, kwa sababu baadhi ya vigeuzi vinaruhusu amri za otopailoti kupita kwa njia hiyohiyo.

Msimamo wangu hapa ni mkali: Wi-Fi ni ya kutazamia. GPS kwenda redio na dira kwenda otopailoti vipite kwenye waya, na kompyuta isiwe katikati yake.

## Hatua ya 8: Sahihisha namba, kisha zijaribu

Vifaa vikishaelewana, vinaweza kupashana habari za uongo kwa usahihi kamili. Anza na kina. Boti ikiwa imetulia, shusha bildi (kamba yenye uzito ya kupimia kina) ubavuni, karibu na kihisi, upime kina cha kweli kutoka usoni mwa maji. Linganisha na skrini. Marekebisho yawekwe mahali pamoja tu: ama kwenye kipima kina, ama kwenye skrini. Ukiweka nusu mita kote kuwili, skrini itakuambia una nusu mita ya maji ambayo haipo.

Dira ya kielektroniki ikae mbali na spika, kwa maana kila spika ina sumaku, na mbali na kebo nene za umeme. Isahihishe kwenye maji tulivu kwa kuzungusha boti polepole kama kitabu kinavyoelekeza, vifaa vyote vikiwa vimewashwa.

Kisha bonyeza kitufe cha kuzungumza cha redio, kwenye chaneli inayoruhusiwa, huku ukitazama otopailoti. Usukani ukitikisika unapozungumza, kebo ya antena inapita karibu mno na kebo ya dira au ya data. Zitenganishe.

Jaribio la mwisho ni hili, na sijaona wengi wakilifanya. Ukiwa umefunga gatini, zima skrini ya ramani peke yake na uende kuitazama redio. Kama mahali pametoweka, redio yako ilikuwa inapata GPS kupitia skrini, na siku skrini ikifa kwa maji au kwa fyuzi, kitufe chekundu kitakufa nusu. Ipe redio GPS yake ya moja kwa moja, au nunua yenye antena ya GPS ndani. Usipoweza sasa, bandika karatasi kando ya redio yenye hatua za kuandika mahali kwa mkono, kwa namna ya menyu yako, na kumbuka kwamba mahali palipoandikwa kwa mkono panazeeka: redio nyingi zinaanza kulalamika baada ya saa 4.